India Inavyolima Dawa: Mnunuzi Kwanza, Mbegu Baadaye

Mazungumzo ya leo yanakwenda India, katika mji wa Unjha, wilaya ya Mehsana, jimbo la Gujarat. Watalii hawaujui mji huo, lakini wafanyabiashara wa viungo wanaujua vizuri, kwa sababu soko lake ndilo linaloongoza kwa bizari nyembamba. Kuanzia Machi, mavuno ya majira ya baridi yanapoingia, matrekta na malori hufika yakiwa yamejaa magunia ya bizari nyembamba, ya shamari, na ya mbegu ndogo za rangi ya waridi iliyochanganyika na kahawia, ziitwazo isabgol. Wanunuzi hupita kutoka lundo hadi lundo, huchota mbegu kwa kiganja, huzisugua na kuzikagua, kisha mnada huendeshwa mkulima akiwa amesimama hapo hapo na kusikia kila bei.

Isabgol ni zao la dawa. Pumba zake zikilowa hunyonya maji mengi na kuvimba, zikawa utelezi unaolainisha choo. Ndizo zilizomo katika Metamucil, unga unaouzwa Marekani kwa watu wenye shida ya tumbo gumu. Mwaka 1998 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu vyakula vyenye pumba hizo viandikwe kwamba vinaweza kusaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, vikiliwa pamoja na mlo wenye mafuta kidogo. Siku hizi hata waokaji wa mikate isiyo na ngano wanazitaka. Na sehemu kubwa ya pumba zote zinazouzwa duniani hutoka katika kona hiyo moja ya India: Gujarat, Rajasthan na Madhya Pradesh.

Kwa nini huko? Swali hilo ndilo lililoleta mazungumzo haya. Kilimo cha mazao ya dawa nchini India husifiwa sana, na sifa zake hufika hadi kwetu kwa njia ya video na vipeperushi vinavyoahidi utajiri wa msimu mmoja. Ukiyafuatilia mazao yenyewe, moja baada ya jingine, jambo moja hujitokeza kila mara. Mkulima alifaidika pale ambapo mnunuzi alikuwapo kabla ya mbegu kuingia ardhini, watafiti wakawa wameitengeneza mbegu hiyo, na kiwanda cha kusindika kikawa mwendo mfupi kutoka shambani. Pale ambapo mmea ulikuja peke yake, ukiwa na sifa zake tu, mkulima alibaki na gunia mkononi.

Tuanze na isabgol yenyewe. Hupandwa Oktoba ikiisha au Novemba, joto linapopungua, katika udongo mwepesi wenye mchanga. Mbegu ni ndogo mno, na kilo chache zinatosha hekta nzima. Mmea ni mfupi, hufika goti kwa shida, na huvumilia maji kidogo. Baada ya miezi minne hivi huwa umeiva. Wakulima huvuna asubuhi, umande ukiwa haujakauka, ili masuke yasipukutike.

Hatari yake ni mvua ya ghafla. Ule utelezi unaoifanya isabgol kuwa dawa ndio unaoweza kuiangamiza shambani: mvua ikinyesha wakati masuke yameiva, mbegu hulowa, huvimba na kuanguka, na kazi ya miezi minne hupotea kwa saa chache. Mkulima wa Jalore au Barmer, kule Rajasthan, hulitazama anga la Machi kwa wasiwasi ambao mkulima wa mtama hauelewi.

Sasa angalia kilicho nyuma ya shamba hilo. Unjha na Sidhpur, mji wa jirani, ina viwanda vya kukoboa mbegu hizo: husagwa kwa uangalifu ili ganda litoke bila kiini kuvunjika, kisha hupepetwa. Pumba safi ni takriban robo ya uzito wa mbegu. Kinachobaki hakitupwi, huwa chakula cha mifugo. Kwa hiyo mkulima wa kijijini Rajasthan anajua mbegu yake itakwenda wapi, anajua bei ya jana, na anajua kwamba wanunuzi ni wengi. Anayemlalia kwa bei leo, kesho atapitwa na mwenzake.

Zao la pili ni nanaa. Hapa tunahamia Uttar Pradesh, wilaya ya Barabanki, jirani na mji wa Lucknow. Nanaa inayozungumzwa si ile ya kutia ladha kwenye chai. Ni aina yenye mafuta yanayogandishwa kupata mentholi, ule ubaridi uliomo katika dawa za meno, peremende za kifua na dawa za kuchua. Mmea huu uliingia India katika miaka ya 1950, ukitokea Japani. Leo India ndiyo mzalishaji mkuu wa mafuta hayo duniani, na Barabanki ndiyo inayotajwa kwanza.

Mabadiliko hayo yana chimbuko lake Lucknow. Huko ipo taasisi ya serikali inayoitwa CIMAP, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa jina jingine, na kazi yake ni mimea ya dawa na ya manukato. Watafiti wake walitoa mbegu mpya moja baada ya nyingine. Mojawapo ya mbegu hizo, Kosi, iliyopewa jina la mto, ilienea haraka kwa sababu ilikomaa mapema na kutoa mafuta mengi. Wakawafundisha wakulima kupanda kwa matuta na kuwahi msimu. Faida ya kuwahi ilikuwa kubwa. Baada ya kuvuna viazi au haradali, na kabla ya mvua kubwa za Juni na upandaji wa mpunga, shamba lilikuwa likikaa tupu. Nanaa ikaingia katika nafasi hiyo. Familia haikulazimika kuacha chakula ili kulima biashara.

Kisha kikaja chombo kinachokamilisha kazi. Katika vijiji vya Barabanki kuna matangi ya chuma ya kukamulia mafuta kwa mvuke. Majani yaliyonyauka kidogo hushindiliwa tangini, moto huwashwa chini, mvuke hupita katika bomba lililopozwa kwa maji, na mafuta hukusanyika juu ya maji yaliyotoka pamoja nayo. Mabaki ya majani hukaushwa na kuwa kuni za siku inayofuata. Mwenye tangi huwahudumia majirani kwa malipo, hivyo hata mwenye kijishamba kidogo hahitaji kununua mtambo. Mafuta yenyewe hayaharibiki upesi. Watu huyaweka ndani katika madumu, wakayauza kidogo kidogo: ada ya shule, harusi, hospitali.

Hata hivyo nanaa ina madeni yake. Hukua wakati wa kiangazi kikali, na hunyweshwa mara nyingi. Maji hayo huvutwa kutoka chini ya ardhi kwa pampu, na dizeli ya pampu hula faida. Bei hupanda na kushuka kwa kasi, kwa sababu mafuta haya huuzwa pia katika soko la mikataba ya baadaye mjini Mumbai, ambako wapo wanaonunua na kuuza bila kuona jani hata moja. Tena yupo mshindani asiyetegemea mvua wala jua. Kampuni ya Takasago ya Japani hutengeneza mentholi kiwandani kwa njia iliyotokana na kazi ya Ryoji Noyori, mkemia aliyeshiriki tuzo ya Nobel mwaka 2001. BASF ya Ujerumani nayo ilifungua kiwanda chake cha mentholi mjini Ludwigshafen mwaka 2012. Mnunuzi mkubwa wa dawa za meno akiona mafuta ya Barabanki yamepanda bei kupita kiasi, anaweza kugeukia kiwanda.

India ilishawahi kuonja uchungu wa namna hiyo. Katika miaka ya 1860 Waingereza walipanda mikwinini katika milima ya Nilgiri upande wa kusini na Mungpoo karibu na Darjeeling, ili magome yake yatoe kwinini ya kutibu malaria. Kwa miongo mingi ilikuwa mali ya serikali yenye thamani kubwa, hata pakiti ndogo za kwinini zikauzwa katika ofisi za posta za Bengal. Wajerumani nao walipanda mikwinini Amani, katika milima ya Usambara, ambako waliianzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari wao walitumia kwinini iliyotengenezwa huko. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaenea dawa za kiwandani, klorokwini ikiwa mbele, na soko la magome likaporomoka. Vijiji vya wafanyakazi wa mikwinini vilivyo katika milima ya Darjeeling vimeishi na matokeo yake tangu wakati huo.

Msikilizaji, turudi magharibi, katika uwanda wa Malwa ulioko mpakani mwa Madhya Pradesh na Rajasthan. Mji wa Neemuch una soko ambalo mtu akiingia anaweza kudhani ameingia katika duka kubwa la mitishamba: mizizi, magome, mbegu, maua, majani, kila kimoja katika lundo lake na kila kimoja na mnada wake. Wilaya za Neemuch na Mandsaur ndizo pia kitovu cha kilimo kimoja kinachosimamiwa kwa ukali kuliko vyote, yaani kilimo cha afyuni ya dawa.

India ndiyo nchi inayozalisha kihalali utomvu wa afyuni kwa ajili ya kuuza nje, kutengenezea mofini na kodini za hospitali. Ofisi Kuu ya Madawa ya Kulevya, yenye makao yake Gwalior, hutoa leseni kila mwaka, hupima kila kipande cha shamba, na humlazimisha mkulima kukabidhi utomvu wote kwa serikali. Viwanda viwili vya serikali huupokea, kimoja Neemuch na kingine Ghazipur, kilichoanza tangu enzi za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Vifuko vya mbegu huchanjwa mchana kwa kijisu chenye meno, utomvu hutoka usiku, na alfajiri hukwanguliwa. Asiyefikisha kiwango kilichowekwa anaweza kunyimwa leseni ya mwaka unaofuata. Kama hayo hayatoshi, kasuku wa kijani hushuka kwa makundi kula vifuko vya mbegu, na wenye mashamba hutanda nyavu juu ya mimea yao.

Kilimo hicho kimeacha urithi mwema. Familia za Malwa zimejifunza, kizazi baada ya kizazi, kulima zao linalopimwa kwa ubora wa kemikali yake na si kwa ujazo wa gunia. Ujuzi huo umehamia kwenye ashwagandha.

Ashwagandha ni kichaka kifupi chenye mizizi minene. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, mizizi yake hutumiwa kurudisha nguvu na kutuliza mwili. Hupandwa mvua zikielekea kuisha, katika ardhi ya kichanga isiyofaa mazao yenye kuhitaji rutuba nyingi, na kung'olewa miezi ya baridi inapoisha. Mizizi husafishwa, hukatwa na kupangwa kwa madaraja: minene na mirefu bei yake mbali, myembamba bei yake mbali. Katika miaka ya karibuni vidonge vyake vimesambaa Marekani na Ulaya kama kirutubisho cha kupunguza msongo wa mawazo, na mahitaji yakapanda. Hapo hapo zikaja habari za watumiaji waliopata madhara ya ini. Denmark nayo ilipiga marufuku ashwagandha mwaka 2023. Mkulima wa Mandsaur hajawahi kuiona Denmark, na hana pa kukata rufaa. Serikali ya India nayo imesisitiza matumizi ya mizizi na kuonya dhidi ya kuchanganya majani, kwani mzigo mmoja uliochakachuliwa unaweza kulifunga soko la wote.

Kusini kabisa, katika wilaya za Tirunelveli na Thoothukudi za jimbo la Tamil Nadu, ipo sanamaki. Wasikilizaji wa Mombasa, Unguja na Muscat wanaijua kwa kulifungulia tumbo njia. Mmea huu huvumilia ukame, hupandwa katika udongo mbaya, na majani yake huchumwa kisha kuanikwa kivulini ili yabaki na rangi ya kijani cha kupauka inayotakiwa na wanunuzi. Bandari ya Thoothukudi iko karibu, na watengenezaji dawa wa Ulaya wamezoea kununua huko kwa vizazi vingi. Sanamaki haina kelele wala video za utajiri, lakini ina mnunuzi anayerudi kila mwaka.

Linganisha na safed musli. Mizizi myeupe ya mmea huo inasifiwa kuongeza nguvu za kiume, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 sifa hizo zikawasha moto India nzima. Walijitokeza watu waliouza vipandikizi kwa bei ya juu mno, wakiahidi kununua mavuno yote. Wakulima walikopa, wakapanda. Msimu wa kuvuna ulipofika, wengi waligundua kwamba biashara halisi ilikuwa ile ya kuuza vipandikizi. Aliyetajirika ni aliyewauzia mbegu, na waliobaki na mizizi hawakuwa na soko la mnada karibu lenye uwezo wa kuipokea yote. Hadithi hiyo imejirudia kwa mshubiri na mimea mingineyo, na inastahili kusemwa kwa sauti ileile inayotumika kusifu.

Afrika Mashariki nayo iliguswa na jambo la aina hii kwa njia ya artemisia, mmea unaotoa dawa ya malaria. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto zenye artemisini, bei ikapanda, na wakulima wa China, Vietnam, Kenya, Tanzania na Uganda wakahimizwa kupanda. Walipopanda wote kwa wakati mmoja, shehena zikazidi mahitaji, na kufikia 2007 bei ilikuwa imeanguka vibaya. Dawa yenyewe iliendelea kuhitajika kila siku, na nyingi ya zile zilizo katika zahanati zetu hutengenezwa India. Mgonjwa alikuwapo wakati wote, lakini mkulima aliyeachwa na mnunuzi aling'oa artemisia akarudia mahindi.

Hata hivyo, kuna sababu inayofanya kilimo hiki kiwe cha lazima: msitu umechoka kutoa. Sehemu kubwa ya mimea ya dawa ya India bado huchumwa porini na watu maskini, na ule unaotumiwa mzizi, ukichimbwa, haurudi kwa urahisi. Mfano unaojulikana sana ni sarpagandha. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo ya kuutumia mzizi huo kwa wagonjwa wa shinikizo la damu. Mwaka 1952 wanasayansi wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walitoa ndani yake kemikali iitwayo reserpini. Dunia nzima ikautaka. Wachimbaji wakaingia misituni, na mmea uliokuwa wa kawaida ukawa adimu, hadi biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 1990. Guggul, mti wa majangwa ya Gujarat na Rajasthan ulio ndugu wa manemane, umekatwa na kuchanjwa kwa pupa ya utomvu wake hadi ukahesabiwa miongoni mwa mimea iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sandali inaeleza upande wa sheria. Kwa muda mrefu, katika majimbo ya kusini, msandali ulikuwa mali ya serikali hata ukiota katika shamba la mtu. Mwenye shamba alibaki na jukumu la kuulinda na hatari ya kuandamwa na wezi, faida ikawa ya wengine. Haishangazi kwamba watu hawakuupanda. Karnataka ilibadili sheria mwaka 2001 na Tamil Nadu mwaka uliofuata, zikampa mwenye ardhi haki juu ya mti wake. Tangu hapo mashamba ya misandali yameanza kuonekana. Upungufu wa sandali ya India uliwafanya walanguzi waugeukie msandali wa Afrika Mashariki. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa CITES, lakini magogo na mizizi imeendelea kukamatwa, hasa ile inayotoka Samburu. Sheria ya kukataza peke yake haijautosha mti huo. Wafugaji wa Samburu wanahitaji kuwa na sababu ya kuupanda, kama alivyopewa mkulima wa Karnataka.

Mali nyingine inayoweza kuibiwa ni ujuzi. Mwaka 1995 ofisi ya hataza ya Marekani iliwapa watafiti wa Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi haki ya kipekee juu ya matumizi ya manjano kuponya vidonda. Bibi yeyote wa Kihindi angeshangaa, na hata wa Pemba. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India, chini ya Raghunath Mashelkar, lilipinga. Likakusanya maandiko 32, mengine ya Kisanskriti, ya Kiurdu na ya Kihindi yenye umri wa zaidi ya miaka mia, kuthibitisha kwamba hakukuwa na uvumbuzi wowote. Mwaka 1997 hataza hiyo ilifutwa. Mwarobaini nao ulipiganiwa Ulaya: hataza iliyotolewa mwaka 1994 kwa kampuni ya W. R. Grace na wizara ya kilimo ya Marekani, juu ya mafuta yake ya kuzuia ukungu wa mimea, ilibatilishwa mwaka 2000, na rufaa ikakataliwa mwaka 2005. Ushahidi wa mwenye kiwanda wa Kihindi aliyekuwa akitengeneza dawa kama hiyo tangu zamani ulisaidia sana. Kutokana na vita hivyo India ilianza mwaka 2001 kuweka maandiko ya tiba zake katika maktaba ya kidijitali, yakiwa yamefasiriwa kwa lugha ambazo wakaguzi wa hataza wanazisoma.

Wapo pia waliolipwa. Katika misitu ya kusini mwa Kerala wanaishi watu wa kabila la Kani. Mwaka 1987 waliwaonyesha watafiti tunda pori walilokuwa wakilitafuna ili wasichoke safarini. Bustani ya utafiti ya Thiruvananthapuram ikatengeneza dawa ya nguvu iitwayo Jeevani, na mwaka 1995 ikampa leseni mtengenezaji wa dawa za Ayurveda. Nusu ya ada na mrabaha uliofuata ikaamuliwa iende kwa mfuko wa Wakani wenyewe. Palikuwa na mivutano: mmea ulikuwa msituni, Idara ya Misitu haikutaka uvunwe ovyo, na Wakani wengine walilalamika kwamba hawakushauriwa. Pamoja na hayo, ni mojawapo ya mifano ya kwanza duniani ya wenye ujuzi kugawiwa mapato yake, na ilitokea kabla India haijatunga sheria ya bioanuwai mwaka 2002.

Serikali ya India imejifunza kutokana na haya yote. Bodi ya Taifa ya Mimea ya Dawa, iliyoundwa Novemba 2000, ilikuwa ikilipia sehemu ya gharama za kilimo: asilimia 30, 50 au 75, na mmea ulipokuwa adimu zaidi, ruzuku ilikuwa kubwa zaidi. Huko Doda, katika Jammu, wakulima wa mahindi walipewa miche ya lavenda na mitambo ya kukamulia mafuta kupitia mradi wa serikali wa mimea ya manukato, na mafuta yao sasa hununuliwa na watengenezaji wa manukato na sabuni. Januari 2025 ilizinduliwa Bodi ya Taifa ya Manjano, makao yake yakiwa Nizamabad, Telangana, baada ya wakulima wa huko kuidai kwa miaka mingi. Walitaka chombo kinachoshughulikia bei, usindikaji na masoko ya nje ya zao lao, na hawakunyamaza hadi wakakipata, hata kwa kujitokeza kwa wingi kugombea ubunge mwaka 2019 ili kilio chao kisikike.

Sasa, msikilizaji wa Muheza, wa Kabale au wa Kwale, ambaye mtu amekuja kwako na miche ya ashwagandha au ya lavenda akikuonyesha picha za India: muulize mnunuzi ni nani, naye yuko wapi. Muulize atanunua kilo ngapi na kwa bei gani ikiwa majirani zako wote watapanda. Muulize mavuno yatakaushwa na kukamuliwa wapi, nani atapima kama yana kemikali inayotakiwa na hayana sumu ya viuatilifu, na nani atalipia kipimo hicho. Muulize msimu wenyewe utachukua nafasi ya chakula cha nyumbani au utaingia shamba likiwa wazi. Majibu hayo yatolewe kabla ya kupanda, yaandikwe kwenye mkataba wenye sahihi ya mnunuzi, na nakala moja ibaki kwa chama cha ushirika au kwa ofisa ugani wa kata yako.